Aliyeshika Mdomo wa Mpira Ndiye Anayeanza

Mliponiaga mlinipa kofia yangu ya chuma niende nayo nyumbani, mkaniomba niwaandikie machache ya kazi mpate kuyasoma zamu zikiwa shwari. Nimekubali, ila vyeo vyangu sitavitaja. Vimo kwenye faili, atakaye akapulize vumbi akasome. Nitawaandikia habari za mipira ya maji na namna tulivyokuwa tukiiosha. Najua mtacheka, hasa ninyi wa zamu ya asubuhi. Chekeni, lakini someni.

Niliingia zimamoto ya mji wetu wa Bagamoyo mwaka wa kwanza baada ya Uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa nikikausha mbata, ile nyama ya nazi ya kukamuliwa mafuta, katika shamba la mjomba, na moto pekee niliokuwa nimeuzoea ni ule wa vifuu vya nazi. Nilidhani siku ileile nitapewa shoka na kofia, watu wanione nikipita. Aliyenipokea ni mkubwa wa kituo, Mzee Kombo, mtu wa Unguja aliyejifunza kazi bandarini Dar es Salaam. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kurudia neno.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kuzima moto?”

“Ndiyo, mzee.”

“Leo hakuna moto. Kuna mpira. Chuchumaa.”

Akanipa brashi ya makumbi ya nazi na ndoo ya maji, nikasugua mpira mpaka magoti yakakataa kunyooka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa kuwa dobi.

Mipira ya siku zile ilikuwa ya turubai. Ikilowa, pande moja tu linamtosha mtu mzima begani. Maji ya bomba ya mji yalikuwa yakija yanapotaka yenyewe, kwa hiyo moto ukiwaka karibu na pwani tulivuta maji ya bahari. Chumvi ikibaki kwenye turubai inalila, na ukiukunja mpira ungali na unyevu unaoza, ukapasuka siku unapouhitaji. Basi kila baada ya moto, hata tukiwa tumechoka namna gani, hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwake mpaka mipira ioshwe kwa maji ya kisima na kutundikwa kwenye boriti nyuma ya kituo ikauke.

Kuosha kwenyewe kulikuwa na utaratibu ambao hamtaukuta kwenye kitabu chochote cha kanuni, maana aliuweka Mzee Kombo. Mpira unalazwa chini. Watu wanachuchumaa wawiliwawili, mmoja huku na mmoja kule, kila mtu anasugua upande wake, wanasogea pamoja. Macho yako chini kwenye kazi, hakuna anayekutazama usoni. Aliyeshika mdomo wa mpira, yaani yule aliyekuwa mbele kabisa karibu na moto, ndiye anayeanza kusema. Anasema alichokiona, alichokisikia, na alichokiogopa. Wengine hawajibu. Hawampi pole, hawamfundishi, wala hawamkumbushi kuwa yeye ni mwanamume. Akikwama, mwenzake wa upande wa pili anamwambia, “Endelea,” basi. Akimaliza anafuata mwingine. Hakuna kucheka kabla mpira haujatundikwa, na yaliyosemwa pale hayavuki kizingiti.

Mtaniuliza mbona mimi nayavusha leo. Ya kwangu ni yangu. Ya Shomari nina idhini yake, nanyi mtaona alinipa lini.

Mara yangu ya kwanza kushika mdomo wa mpira ilikuwa kwenye ghala la mbata. Mbata ina mafuta, moto wake hausikii maji haraka, na moshi wake unakaa kooni siku tatu. Tuliuzima. Tuliporudi na kulaza mpira, wote wakawa wanasugua wakinisubiri. Nikasema niliona boriti ikianguka hatua mbili mbele yangu. Nikanyamaza. Shomari alikuwa upande wa pili. Alikuwa ameingia kazini miezi michache kabla yangu, kijana wa Pangani, wa ukoo wa mabaharia, mrefu hata akichuchumaa.

“Endelea,” akasema.

“Nikajikojolea,” nikasema.

Hakuna aliyeinua kichwa, brashi ziliendelea vilevile. Mpira ulipotundikwa, Mzee Kombo akasema hata yeye yalimkuta, tena mbele ya nahodha wa meli. Hapo tulicheka mpaka tukashika ukuta. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto, nami nikajua yule mzee hakuwa akiosha turubai tu. Siku moja nilimwuliza aliupata wapi utaratibu ule. Akaniambia bandarini walikuwa na mwenzao aliyenyamaza baada ya moto mmoja, akanyamaza mwaka mzima, kisha akaondoka na nguo alizovaa.

Mtu mmoja tu hakushika brashi: Idi, dereva. “Mimi dereva,” alikuwa akisema, “mke wangu ni gari.” Gari letu lilikuwa moja, mlango wake wa kushoto umefungwa kwa kamba, na pampu inavutwa nyuma. Idi alidai gari lina wivu, ukiisifu pampu mbele yake haliwaki. Sisi tukiosha mipira, yeye alikaa kwenye ngazi ya gari na kikombe cha kahawa, akifuta kitu ambacho tayari kilikuwa safi. Hakusema neno. Lakini alisikia yote, miaka yote.

Kazi yetu zaidi ilikuwa makuti. Nyumba ya makuti ikishika moto huiokoi; unaokoa ya jirani, kwa kuiezua kabla cheche hazijaifikia. Mnajua wenyewe shukrani yake. Mwenye nyumba haoni moto kwake, anaona watu wenye ndoano wanabomoa paa lake. Bibi mmoja wa Makurunge alitufukuza kwa mchi huku nyumba ya pili ikiwaka. Tulimwokoa akiwa anatutukana, na baadaye akatuletea pakacha la mihogo, naye bado anatutukana.

Mzee Kombo alipostaafu akarudi kwao Unguja, zamu nikapewa mimi. Niliukuta utaratibu, nikauendeleza. Nilijiona naujua vizuri.

Moto wa kijiji cha Mlingotini ulikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, siku ya Ijumaa, kaskazi inavuma, wanaume wengi wako msikitini. Tulipofika nyumba moja ilikuwa inawaka na upepo unaelekea kwenye safu ya nyumba nyingine. Niliuliza kama kuna mtu ndani. Jirani akasema hakuna, wenyewe wako shamba. Nikawapanga watu kuezua nyumba ya pili, Shomari nikamweka na mdomo wa mpira aulinde ukuta. Haukupita muda akanigeukia.

“Athumani, kuna mtu humu.”

“Nimeambiwa hamna.”

“Nimesikia kikohozi.”

“Shika mpira, Shomari! Nyumba kumi zile!”

Alishika. Alinitii kwa muda wa kama kusoma Alhamdu mara mbili au tatu, kisha akampa mwenzake mpira akavunja mlango wa nyuma wa ile inayowaka. Alitoka na bibi kizee mikononi. Yule bibi alikuwa na homa, hakwenda shamba, na jirani hakujua. Alifariki pale chini ya mkorosho, kichwa chake kikiwa juu ya mkono wa Shomari. Safu yote ya nyumba ilipona, na watu wakanishika mkono kunishukuru.

Tulifika kituoni alasiri, tukalaza mipira. Shomari akachukua brashi yake, akachuchumaa mahali pake, na wenzetu wakachuchumaa wakimsubiri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mdomo wa mpira. Alifungua kinywa. Mimi nikawahi.

“Ndugu yangu, wewe nenda nyumbani ukapumzike. Leo mpira wako nitakuoshea mimi.”

Alinitazama kidogo, akaweka brashi ndani ya ndoo, akaenda. Wenzangu waliona huruma. Nikasugua upande wangu, nikahamia upande wake nikausugua pia. Hakuna aliyesema kitu, maana wa kuanza hayupo. Tukautundika mpira kimya, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Tangu siku ile Shomari alikuja kazini kwa wakati, akafanya kila alichoagizwa. Lakini mipira ikilazwa alikuja mbele yangu, akasema, “Naomba ruhusa.” Nami nilimpa. Nilimpa upesi kuliko nilivyompa ruhusa mtu yeyote, hata mwenye msiba.

Baada ya wiki kadhaa mkewe, Bi Zuhura, alikuja kituoni asubuhi, buibui limejaa vumbi la makuti. Tulisalimiana, akaniuliza watoto, nikamwuliza wa kwake, akajibu wote hawajambo. Kisha akakaa kwenye benchi na machozi yakamtoka.

“Shemeji, mwenzio anaezua nyumba.”

“Nyumba gani?”

“Yetu. Alianza jiko. Juzi akaezua ukumbi. Leo yuko juu ya chumba cha watoto. Nikimuuliza anasema hawezi kulala chini ya kitu kinachowaka. Kitu gani kinachowaka, shemeji? Na masika haya yanakuja!”

Hospitali walimpa vidonge vya kichwa. Majirani walisema ana jini, apungwe. Kaka zake wa Pangani walikuwa wamepelekewa habari na wangekuja Jumamosi kumchukua. Zuhura aliogopa wakimchukua hivyo hatarudi tena, si kazini wala kwake. “Huko watamkalisha barazani tu,” alisema, “watu wapite wamtazame.” Ilikuwa Jumatano.

Alipoondoka nilikwenda kwa Idi, nikamweleza huku nikitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za watu baki. Idi alikuwa chini ya gari. Alitoka taratibu, akajifuta mikono.

“Bwana mkubwa,” akasema, “ulimwosheaje mwenzio mpira? Kwani mtu huogewa?”

“Nilimhurumia.”

“Ulimhurumia yeye au ulijihurumia mwenyewe? Mimi nilikuwa kwenye pampu. Aliposema kikohozi nilisikia. Na wewe ulipomjibu nilisikia.”

Siku ile niliona aibu ambayo kujikojolea kwenye ghala la mbata si kitu mbele yake. Ni kweli sikumpeleka Shomari nyumbani apumzike. Nilimpeleka ili asianze, kwa sababu kama angeanza, angefika kwenye kile kikohozi, na baada ya kikohozi kuna sauti yangu. Niliuogopa mpira kuliko nilivyowahi kuogopa moto.

Alhamisi asubuhi tuliitwa Makurunge, shamba la mikorosho lilikuwa linaungua. Haukuwa moto mkubwa. Shomari hakuja kazini siku ile. Wakati wa kurudi nikamwambia Idi asipinde kwenda kituoni, apite kwa Shomari. Kanuni hairuhusu gari la zimamoto kwenda kuegeshwa uani kwa mtu, na barua ya onyo niliyoandikiwa kwa ajili hiyo nayo imo kwenye faili lilelile. Idi alibadilisha gia.

Nyumba ilikuwa mbavu tupu. Makuti yamerundikwa uani, na Shomari yuko juu kwenye fito, kisu mkononi. Tuliteremsha mipira yenye matope na masizi, tukailaza pale uani. Zuhura alipoona brashi akaenda kisimani bila kuambiwa. Wenzangu wakachuchumaa. Nami nikachuchumaa mbele ya mpira mmoja, upande wa pili nikauacha wazi, nikaanza kusugua. Nikavunja utaratibu wa Mzee Kombo, maana sikuwa nimeshika mdomo wa mpira, lakini nilianza mimi.

Nilisema kwa sauti ya kumfikia mtu aliye juu. Nilisema aliniambia mara mbili kuna mtu. Nilisema nilisikia hata mimi, kikohozi cha pili nilikisikia kwa masikio yangu, nikajiambia ni kuti linalolia. Niliwaza nyumba kumi, nikaona aibu kubadili amri mbele za watu. Nilisema nilimrudisha nyumbani nisimsikie. Nikafika hapo nikakwama, na machozi yakawa yanaanguka kwenye turubai.

Ngazi ililia. Nikaona miguu yake, kisha magoti yake, kisha mkono ukachukua brashi ya pili.

“Nilijua,” Shomari akasema. “Nilikuona usoni siku ileile. Sugua, hapo pana masizi bado.”

Tulisugua. Tulisogea hatua moja, mbili. Kisha akaanza. Akasema yule bibi alipomtoa nje alifumbua macho, akamtazama vizuri, akamwuliza, “Mtoto wa nani wewe?” Mnawajua wazee wetu wa pwani, hawapokei hata maji kwa mtu kabla ya kujua ukoo wake.

“Nikamtajia baba,” Shomari akasema. “Nikaona hanifahamu. Nikamtajia babu. Nikamtajia bibi yangu aliyenilea, Pangani. Nikaendelea kutaja, Athumani. Nilikuwa nimefika kwa babu wa babu, yeye keshakufa, mimi bado nataja.”

Nilitaka kumwomba radhi, nilitaka kumshika bega. Lakini utaratibu ni utaratibu.

“Endelea,” nikasema.

Akaendelea mpaka mpira ukaisha, tukahamia wa pili. Alisema kila akilala anasikia makuti yananong'ona kabla hayajashika moto, na watoto wako chini yake. Watoto wenyewe walikuwa mlangoni wakitazama wanaume wazima wanalia wakifua mpira. Idi alikaa kwenye ngazi ya gari na kikombe alichopewa na Zuhura. Hatukuwa na boriti, tukaitundika mipira kwenye fito za nyumba. Hapo ndipo mmoja wetu aliposema nyumba ile sasa ina paa la turubai, na Shomari akacheka. Zuhura alikuwa kisimani. Aliposikia kicheko kile aliiachia ndoo ikazama, ikabidi tuiopoe kwa ndoano ya kazini.

Jumamosi kaka zake walipofika kutoka Pangani walimkuta juu ya paa anaezeka, nasi tuko chini tunamrushia makuti. Walikaa siku mbili, wakala samaki, wakarudi bila yeye.

Sitawadanganya kwamba alikuwa kama zamani. Hakushika tena mdomo wa mpira, nilimhamishia kwenye pampu. Kulikuwa na siku alibeba mkeka akalala nje, na Zuhura alijifunza kutomwuliza. Lakini alifanya kazi na alilea wanawe, na kila baada ya moto alichuchumaa mbele yangu. Ni siku hizo aliponiambia, “Wakija wengine wakaikataa brashi, wape habari yangu.” Kwa hiyo nimewapa.

Ile miaka iliyofuata ndiyo ninayoitamani. Moto siutamani hata kidogo, wala king'ora, wala kofia hii mliyonipa ambayo mke wangu ameiweka juu ya kabati. Natamani harufu ya turubai lililolowa, saa kumi za jioni, mgongo unauma, na mbele yangu mikono miwili mirefu inakuja na kurudi. Nilioa, nikapata watoto na marafiki wa baraza, lakini hakuna aliyewahi kunijua kama walivyonijua watu waliokuwa hawanitazami.

Kisha Shomari alifiwa na baba yake, akarudi Pangani kusimamia nyumba ya ukoo. Na mwaka wangu wa mwisho kazini mipira mipya ya nailoni ililetwa. Ni mizuri, sina neno. Ni myepesi, haiozi, haihitaji brashi. Mnaikung'uta, mnaikunja, na baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai kila mtu yuko kwake. Nilikuwa nikiwaona mnavyotoka, kila mmoja na njia yake na kimya chake, na nilitaka kuwaita. Sikujua niwaite mje mfanye nini.

Barua kutoka Pangani ilinikuta kituoni. Zuhura ameiandikisha kwa mwanawe. Shomari alikuwa ameumwa siku chache, alikuwa amezikwa, na mimi nilikuwa na siku kumi sijui kama niko duniani bila yeye. Niliisoma nimesimama. Ninyi mlikuwa mmekwisha kuondoka. Nikaenda stoo, nikatoa pande moja la mpira wa turubai wa zamani, nikalilaza nyuma ya kituo. Nikachota maji kisimani. Kwa mazoea nikaweka brashi mbili.

Idi alikuwa anafunga mlango wa gari kwa kamba. Akaiacha kamba.

“Bwana mkubwa, mpira huo mbona safi?”

Nilisugua upande wangu peke yangu, nikiwa sijui nani aanze, kwa kuwa safari hii hapakuwa na moto wala aliyeshika mdomo wa mpira. Nikasikia viatu. Idi, ambaye miaka yote ile hakuwahi kushika brashi, alipandisha suruali yake magotini, akachuchumaa upande wa pili kwa shida ya mtu mwenye mgongo wa dereva, akazamisha brashi katika ndoo. Alikuwa hajui hata inashikwaje. Macho yake aliyaelekeza chini.

“Endelea,” akasema.